Kazi ya 1099 Marekani: jua kama umeajiriwa au umejiajiri, kisha lipa kodi bila kushtukizwa

Malipo yangu ya kwanza ya ukalimani yaliingia benki yakiwa kamili. Saa nilizofanya, mara bei tuliyokubaliana, na hakuna senti iliyopungua. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya ghala ambako kila baada ya wiki mbili stakabadhi ya mshahara ilijaa makato, kwa hiyo nikaona hii ni neema. Aprili iliyofuata nikaketi mbele ya mama mmoja anayetayarisha kodi. Akapitia karatasi zangu kimya, kisha akauliza: "Pembeni uliweka ngapi?" Sikuwa nimeweka kitu. Deni lile nililipa kwa awamu, miezi kumi na minne.

Tangu wakati huo nimekaa na ndugu wengi tunaozungumza lugha moja hapa Marekani: madereva wa malori, wasambazaji wa vifurushi, wasafisha ofisi wa usiku, wakalimani wenzangu. Wengi walitia sahihi mkataba bila kuambiwa kwamba sahihi ile iliwahamishia kodi ambayo mwajiri angelipa nusu yake. Na baadhi yao hawakupaswa kuwa makontrakta, yaani watu waliojiajiri, hata kidogo. Kwa hiyo naanza na hilo, kabla ya hesabu yoyote.

Ninayoeleza ni sheria za shirikisho. Jimbo lako linaweza kuwa na kodi yake na masharti yake juu ya haya. Viwango nilivyotumia ni vya mwaka wa kodi 2025, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Hatua ya 1: Tazama fomu unayopewa siku ya kwanza

Ukipewa W-4 pamoja na I-9, unaajiriwa. W-4 humwambia mwajiri akukate kodi ya mapato kiasi gani kila malipo, na I-9 ni ya kuthibitisha ruhusa yako ya kufanya kazi. Ukipewa W-9, ile ya ukurasa mmoja inayotaka jina, anwani na namba yako ya kodi, unapokelewa kama biashara inayojitegemea. Ndiyo tofauti ya "kazi ya W-2" na "kazi ya 1099" tunayosikia mitaani: majina hayo yanatokana na karatasi utakayoletewa mwisho wa Januari mwaka unaofuata. Mwajiriwa huletewa W-2, kontrakta huletewa 1099-NEC.

Kwa mwajiriwa, asilimia 7.65 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni), na mwajiri huongeza 7.65 nyingine kutoka mfukoni mwake. Juu ya hapo mwajiriwa ana bima ya kuumia kazini karibu kila jimbo, ana haki ya kuomba fidia ya kukosa kazi akipunguzwa, na kazi nyingi humpa malipo ya saa za ziada. Kontrakta hana hata kimoja katika hivi, na 7.65 zote mbili ni zake.

Usikatae kujaza W-9 kwa hofu ya kodi. Usipotoa namba yako, mlipaji hulazimika kukukata asilimia 24 na kuipeleka serikalini.

Hapa kuna jambo linalonisumbua moyo, kwa sababu nimeona linavyoharibu maisha ya watu. Kwa kuwa kontrakta hajazi I-9, kuna wanaoambiwa kwamba kazi ya 1099 "haihitaji karatasi". Si kweli. Kujiajiri ni kufanya kazi, na mwenye viza ya mwanafunzi au viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja anaweza kuvunja masharti ya viza yake kwa kusambaza vifurushi wikendi. Kama hali yako ya uhamiaji ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi. Usimuulize mwenye kampuni wala rafiki aliyefanya hivyo "na hakuna kilichomtokea".

Hatua ya 2: Pima kazi yenyewe, usipime jina ililopewa

Mkataba unaweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba wewe ni kontrakta huru, ukatia sahihi kila ukurasa, na bado sheria ikakuhesabu kuwa mwajiriwa. Mamlaka ya kodi, IRS, haiamui kwa jina. Inatazama mambo makuu matatu.

La kwanza ni nani anayeongoza namna kazi inavyofanywa. Je, unaambiwa ufike saa ngapi, uanze na chumba gani, uvae nini, umpigie nani ukichelewa? Umepewa mafunzo ya "jinsi tunavyofanya sisi"? Mteja wa kontrakta huagiza matokeo, na njia ya kuyafikia humwachia fundi. La pili ni upande wa pesa: nani ananunua vifaa, nani anapanga bei, unaweza kupata hasara, uko huru kutafuta wateja wengine? La tatu ni uhusiano wenyewe: ni kazi yenye mwisho au haina mwisho, kuna likizo au bima, na je, kazi unayofanya ndiyo kiini cha biashara yao? IRS yenyewe husema hakuna idadi maalumu ya vigezo vinavyomaliza ubishi. Picha nzima ndiyo hutazamwa.

Nichukue mfano wa karibu. Kaka mmoja alinijia na bahasha ya karatasi zake. Alikuwa akisafisha ofisi usiku. Kampuni ilimpa funguo, mashine ya kufyonza vumbi, dawa za kusafishia na fulana yenye nembo. Ratiba ilitumwa kwenye simu kila Jumapili, na alibonyeza programu kuingia kazini na kutoka. Dola 16 kwa saa, bei aliyoikuta. Hakuruhusiwa kumtuma mtu mwingine, na hakuruhusiwa kufanyia kazi kampuni nyingine ya usafi. Saa zake zilikuwa 52 kwa wiki, na W-9 alikuwa ameijaza akidhani ni sehemu ya fomu za kuajiriwa.

Mtu huyo hana biashara. Biashara ni ya kampuni, yeye ni mfanyakazi wake. Sheria ya shirikisho ya mishahara inadai mwajiriwa wa aina yake alipwe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. Saa zake za ziada ni 12, na kwa kila moja alikuwa akipunjwa dola 8. Ni dola 96 kila wiki. Akifanya kazi wiki 50, ni dola 4,800 kwa mwaka, kabla hata hatujagusa ile nusu ya kodi ambayo kampuni ilimwachia yeye.

Sasa mlinganishe na mimi. Kampuni tatu za ukalimani hunitumia kazi. Naikubali hii na kuikataa ile bila kuadhibiwa, bei yangu naipanga mwenyewe na mara nyingine tunabishana hadi tunaelewana, vifaa vya masikioni na simu ni vyangu, mwezi mbaya ni wangu pia. Hiyo ni kazi ya kujiajiri, na 1099 inanistahili.

Katikati ya hawa wawili kuna watu wengi, hasa madereva wa malori "wanaokodishiwa" gari na kampuni ile ile inayowapa mizigo. Kwao jimbo lina uzito mkubwa. California, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya jimbo hilo mwaka 2018 katika kesi ya Dynamex na sheria ya AB 5 iliyoanza tarehe 1 Januari 2020, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba haimwongozi katika kazi, kwamba kazi yake iko nje ya shughuli za kawaida za kampuni, na kwamba ana biashara yake ya aina hiyo inayosimama yenyewe. Massachusetts na New Jersey nazo hutumia kipimo cha namna hiyo. Kuna taaluma zilizosamehewa, kwa hiyo soma za jimbo lako. Inawezekana kabisa ukawa kontrakta machoni pa IRS na mwajiriwa machoni pa jimbo.

Hatua ya 3: Ichambue bei kabla ya kusema ndiyo

Dola 35 kwa saa inasikika tamu kwa mtu anayetoka kwenye dola 19. Iangalie ikiwa mkononi.

Unaitwa hospitali kutafsiri kwa saa mbili. Malipo ni dola 70. Kwenda na kurudi ni maili 40, na barabarani umetumia saa nzima ambayo hulipwi. IRS mwaka 2025 ilikadiria gharama ya gari kuwa senti 70 kwa maili, yaani mafuta, matairi, matengenezo na uchakavu kwa pamoja. Maili 40 ni dola 28. Zimebaki 42. Kodi ya kujiajiri juu ya 42 ni karibu dola 6. Zimebaki 36, na umetumia saa tatu za siku yako. Ni dola 12 kwa saa, na kodi ya mapato bado haijaguswa, bima ya afya bado haijalipwa, siku za kuumwa hazina malipo.

Siku hizi nikipigiwa simu nauliza maswali manne kabla ya kutaja bei: ni umbali gani, mnalipa muda wa safari au maili, malipo ya chini kabisa ni saa ngapi, na mgonjwa asipokuja nalipwa? Kampuni nyingi zina jibu zuri kwa mtu anayeuliza, na hukaa kimya kwa asiyeuliza.

Hatua ya 4: Soma mkataba sehemu zinazouma

Tafuta siku za malipo: "ndani ya siku 60" maana yake utaishi miezi miwili kwa akiba yako. Tafuta kifungu kinachosema utabeba gharama za madai yoyote yatakayoletwa dhidi ya kampuni, na ukikikuta bila kikomo, omba kipunguzwe au kifutwe. Tafuta kifungu cha kukuzuia kufanyia kazi wengine, kwa sababu hicho kinapingana na madai yao kwamba uko huru. Omba nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Asiyetaka kukupa nakala, mwache.

Hatua ya 5: Tenga kodi siku ile ile pesa inapoingia

Fungua akaunti ya pili ya akiba, isiyo na kadi. Kila malipo yakiingia, hamisha asilimia 25 hadi 30 kabla hujalipa kodi ya nyumba wala kutuma nyumbani. Wazazi wakipiga simu siku hiyo, wasaidie kwa kilichobaki, si kwa zote. Nasema hivi kwa sababu deni langu la kwanza lilitokana hasa na hapo: nilikuwa nikituma pesa ambazo kwa kweli zilikuwa za serikali.

Ili uone namba hiyo inatoka wapi, tuchukue mtu asiye na ndoa wala watoto, ambaye baada ya kutoa gharama zake amebakiwa na faida ya dola 40,000 na hana kipato kingine.

Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3: 12.4 ya Social Security na 2.9 ya Medicare. Haitozwi juu ya faida yote bali juu ya asilimia 92.35 yake. 40,000 inakuwa 36,940, na asilimia 15.3 yake ni dola 5,652. Hii hudaiwa hata kama kodi yako ya mapato ni sifuri, mradi faida imefika dola 400 kwa mwaka. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanasema "nilipata kidogo, sidaiwi".

Kisha kodi ya mapato. Kutoka kwenye 40,000 unatoa nusu ya kodi ya kujiajiri, dola 2,826, halafu punguzo la kawaida la mtu mmoja, dola 15,750. Zinabaki 21,424. Wenye biashara ndogo wana punguzo jingine linaloweza kufika asilimia 20, na kwa huyu ni dola 4,285. Kinachotozwa kodi ni 17,139, na kodi yake, kwa ngazi za asilimia 10 na 12, ni karibu dola 1,818.

Jumla ni dola 7,470 hivi, karibu asilimia 19 ya faida. Ongeza kodi ya jimbo kama ipo, na ongeza kwamba kipato kikipanda ngazi inayofuata ya shirikisho ni asilimia 22, utaelewa kwa nini nasema 25 hadi 30. Ikizidi, ni akiba yako. Mwenye mke asiye na kipato na watoto watatu atadaiwa pungufu ya hapo, lakini ile 5,652 ataikuta pale pale, ingawa ruzuku za kodi za watoto zinaweza kuifuta sehemu.

Hatua ya 6: Lipa mara nne kwa mwaka

Mwajiriwa hulipa kodi kidogo kidogo kila mshahara, na serikali inataka na wewe usisubiri Aprili. Ukitarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi, unapaswa kulipa makadirio tarehe 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Zikiangukia wikendi au sikukuu, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Angalia kwamba hazigawi mwaka sawasawa: kati ya malipo ya kwanza na ya pili ni miezi miwili tu, na Juni huwakuta wengi mikono mitupu.

Fomu ya hesabu ni 1040-ES, ila huhitaji kuituma ukilipa mtandaoni. Ingia tovuti ya IRS, sehemu ya Direct Pay, chagua malipo ya makadirio na mwaka husika, pesa hutoka benki bila ada. Hifadhi namba ya uthibitisho. Chagua mwaka kwa uangalifu hasa Januari, maana malipo ya tarehe 15 Januari ni ya mwaka uliopita.

Hujui mwaka huu utapata ngapi? Chukua kodi yote uliyodaiwa mwaka jana, igawe kwa nne, lipa hiyo. Ukifikisha asilimia 100 ya kodi ya mwaka jana kwa wakati, hutapigwa faini ya malipo pungufu hata kama kipato kimepanda sana. Kwa waliokuwa na kipato cha zaidi ya dola 150,000, ni asilimia 110. Tofauti itakayobaki utailipa Aprili. Na kama una kazi ya W-2 pembeni, kuna njia nyepesi zaidi: jaza W-4 mpya, omba mwajiri akukate zaidi kila mshahara ili ifidie kodi ya kazi ya 1099. Hii naipenda kwa wanaoanza, kwa kuwa haihitaji kukumbuka tarehe.

Hatua ya 7: Andika gharama zinapotokea

Kwenye gari langu kuna daftari dogo lililofungwa kwa mpira na kalamu. Kila safari ina mstari mmoja: tarehe, nilikokwenda, kwa kazi gani, mita ya gari ilisoma ngapi nilipoondoka na niliporudi. Inachukua nusu dakika. Mwaka mmoja ulikuwa na maili 6,200 za kazi, ambazo kwa senti 70 ni punguzo la dola 4,340. Ukijaribu kuzikumbuka Machi ya mwaka unaofuata, utakisia, na IRS ikikuuliza, makisio hayasimami.

Kuna sharti hapa. Safari ya kutoka nyumbani kwenda sehemu yako ya kawaida ya kazi haihesabiwi, hata kwa aliyejiajiri. Huhesabiwa ikiwa nyumbani ndipo makao makuu ya biashara yako, yaani una sehemu unayoitumia mara kwa mara kwa kazi tu, ndipo unapopangia kazi, unaandika ankara, unafanya hesabu. Meza ya chakula inayotumiwa pia na watoto kufanyia kazi za shule haitoshi. Ukiwa na sehemu hiyo, unaweza pia kutoa dola 5 kwa kila futi ya mraba, hadi futi 300.

Simu na intaneti toa kwa kiwango unachotumia kazini. Vifaa, ada za leseni, mafunzo ya kunoa kazi unayoifanya tayari, bima ya kazi, ada za programu zinazokukata asilimia: vyote huingia. Suti uliyonunua kuendea mahakamani haiingii, kwa kuwa unaweza kuivaa popote. Chakula cha mchana cha kila siku hakiingii.

Nisisitize upande wa pili, ambao watayarishaji kodi wa mitaani hawautaji. Kuna wanaojivunia kukushushia faida hadi karibu na sifuri kwa kutia gharama za uongo. Mbali na kwamba wewe ndiye unayetia sahihi na wewe ndiye utakayeulizwa, faida ile ndiyo kipato chako rasmi. Ukitaka kumdhamini mkeo au mzazi aje, fomu ya udhamini hutazama ripoti zako za kodi. Ukiomba mkopo wa nyumba, benki hutazama hizo hizo. Na Social Security hukuandikia alama kwa kipato ulichoripoti tu: unahitaji alama 40, zisizozidi nne kwa mwaka, ndipo upate pensheni. Nimemwona mzee aliyefanya kazi miaka kumi na saba hapa, mingi kwa malipo ya mkononi yasiyoripotiwa, akikosa alama sita.

Stakabadhi zihifadhi angalau miaka mitatu tangu uwasilishe ripoti. Zipige picha, maana karatasi za dukani hufifia zikawa nyeupe.

Hatua ya 8: Januari hadi Aprili

Januari ikiisha unapaswa kuwa na 1099-NEC kutoka kwa kila aliyekulipa dola 600 au zaidi mwaka 2025. Kwa malipo ya kuanzia 2026 kiwango hicho kimepandishwa hadi dola 2,000. Hilo limeanza kuzua maneno kwamba chini ya 2,000 hakuna kodi. Kilichobadilika ni wajibu wa mlipaji kutuma fomu. Wajibu wako wa kuripoti kila dola haujabadilika.

Linganisha kila fomu na ankara zako na benki. Ikiwa na kosa, andika kwa mlipaji aisahihishe mapema. Faida na gharama huandikwa kwenye Schedule C, kodi ya kujiajiri kwenye Schedule SE, na zote huambatana na Fomu 1040, ripoti yenyewe ya kodi ya mwaka. Vituo vya VITA, mpango wa IRS wa kuandalia watu ripoti za kodi, husaidia bure watu wa kipato cha chini na cha kati. Vingi hupokea biashara nyepesi, ila piga simu kwanza uulize kama wanafanya Schedule C. Na ukitaka namba ya biashara, EIN, IRS huitoa bure mtandaoni. Usimlipe mtu.

Hata kama huna pesa, wasilisha ripoti kwa wakati. Kuchelewa kuwasilisha ni faini ya asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi 25. Kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, pamoja na riba. Ukiomba kuongezewa muda utapewa hadi 15 Oktoba, lakini ni muda wa karatasi, si wa malipo. Deni linaweza kupangiwa awamu kwenye tovuti ya IRS, na maofisa wake, kwa niliyoyaona, huzungumza vizuri na mtu aliyejitokeza mwenyewe.

Hatua ya 9: Ukigundua ulipaswa kuwa mwajiriwa

Turudi kwa kaka wa ofisi za usiku. Njia zake zilikuwa mbili, na hazizuiani.

Upande wa kodi kuna Fomu SS-8. Unaeleza kazi ilivyokuwa, IRS inaamua kama wewe ni mwajiriwa au la. Haina ada, ila tarajia miezi sita au zaidi, na ujue kwamba kampuni itaulizwa upande wake, kwa hiyo haitakuwa siri. Wakati unasubiri, unaweza kuwasilisha ripoti yako ya mwaka pamoja na Fomu 8919, ukalipa ile nusu ya mwajiriwa tu, asilimia 7.65. Nusu ya mwajiri inabaki kuwa kati ya IRS na kampuni.

Upande wa mshahara kuna kitengo cha Wage and Hour (mishahara na saa za kazi) cha Wizara ya Kazi ya Marekani, simu 1-866-487-9243. Unaweza kuomba mkalimani. Jina la mlalamikaji hutunzwa siri, hawahitaji uwe na hali fulani ya uhamiaji, na sheria inamkataza mwajiri kukulipizia kisasi. Majimbo mengi pia yana ofisi zao za kazi, na mara nyingi sheria zao ni kali zaidi. Kwa ugomvi na IRS yenyewe, tafuta kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, zinazosaidia bure au kwa ada ndogo.

Peleka ushahidi. Picha za ratiba kwenye simu, ujumbe wa msimamizi unaokuamuru, fulana, rekodi za kuingia na kutoka. Hifadhi nje ya programu ya kampuni, kwa sababu siku wakikuondoa, programu hiyo hujifunga na saa zako zote hupotea nayo. Kaka yule aliokolewa na mkewe, aliyekuwa akiandika kwenye kalenda ya jikoni saa ambayo mumewe alirudi kila asubuhi.

Muda nao unakwenda. Madai ya mshahara chini ya sheria ya shirikisho hurudi nyuma miaka miwili, mitatu kama ukiukaji ulikuwa wa makusudi, na kila wiki unayosubiri, wiki moja ya zamani huanguka nje ya dai. Kama umeshaona dalili za hatua ya 2 kazini kwako, anza kuandika saa zako usiku huu, hata kabla hujaamua kama utalalamika.